Kisa cha Shinkolobwe: Mhandisi wa Madini na Jiwe la Vita, 1939–1945

Tarehe 18 Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols wa kikosi cha uhandisi cha jeshi la Marekani aliingia katika ofisi moja ya mtaa wa Broadway, jijini New York, kumwuliza Mbelgiji mwenye umri wa miaka 62 kama angeweza kulipatia jeshi urani kutoka Kongo. Mbelgiji huyo, Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière du Haut Katanga, kwanza alitaka kujua kama mgeni wake ana mamlaka ya kununua au amekuja kuzungumza tu, kwa kuwa maofisa wa kuzungumza alikuwa amekwisha kuwachoka. Alipojibiwa, alimweleza kwamba sehemu kubwa ya mbale hiyo, yaani mwamba wenye madini ambao haujachenjuliwa, haikuwa Kongo tena. Ilikuwa ghalani katika kisiwa cha Staten, ndani ya jiji lile lile la New York: tani 1,250 katika mapipa ya chuma zaidi ya 2,000, ambazo zilikuwa zimekaa hapo karibu miaka miwili. Muda wa saa moja haukuisha kabla wawili hao hawajaandika makubaliano kwa mkono kwenye karatasi ya kawaida.

Habari hii kwa kawaida husimuliwa kama sifa ya mfanyabiashara aliyeona mbali. Mimi nimefanya kazi ya uchenjuaji wa madini, yaani kuyatenga na mwamba wake, kwa miaka mingi, na kila ninapoirudia naiona kwanza kuwa kisa cha taaluma yetu. Wawili waliokutana siku ile wote walikuwa wahandisi: Sengier alihitimu uhandisi wa migodi katika chuo kikuu cha Leuven mwaka 1903, na Nichols alikuwa na shahada ya udaktari katika uhandisi wa maji. Jambo walilolimaliza haraka vile lilitegemea ujuzi wa mgodini, na swali ninalotaka kulichambua ni moja: mhandisi anapolijua jiwe wakati wa vita, ujuzi wake unamfikia nani, na unaishia wapi?

Shinkolobwe, mgodi uliotoa mbale hiyo, uko kusini mwa Katanga, eneo la Kongo, karibu na mji wa Likasi, ambao wakati wa Wabelgiji uliitwa Jadotville. Mbale yake iligunduliwa mwaka 1915 na Mwingereza Robert Rich Sharp, na uchimbaji ulianza mwaka 1921. Kilichotafutwa wakati huo kilikuwa radiamu, metali yenye mionzi ambayo hospitali ziliinunua kwa bei ya kutisha kwa ajili ya kutibu saratani. Ili kupata gramu 1 ya radiamu, mchenjuaji hulazimika kushughulikia mbale yenye takriban tani 3 za urani, na urani hiyo ilibaki kama kitu cha pembeni, kikiuzwa kidogo kidogo kwa watengenezaji wa rangi za kauri na vioo. Kiwanda cha kuichenjua kilikuwa Olen, nchini Ubelgiji. Akiba ya radiamu ilipozidi mahitaji ya soko, kampuni iliufunga mgodi mwaka 1937, pampu zikazimwa, na maji yakajaa mashimoni.

Kabla ya kufika kwenye vita, napenda msomaji akae kidogo mbele ya jiwe lenyewe. Mbale kuu ya Shinkolobwe ni nyeusi, yenye mng'ao kama wa lami iliyoganda, na pembeni mwake huota madini mengine ya rangi ya manjano, ya machungwa na ya kijani, yanayopendeza kiasi kwamba makumbusho ya Ulaya yameyapanga kwenye makabati ya vioo. Aliyewahi kuinua galena, mbale ya risasi, anaujua mshtuko wa kwanza: mkono unajiandaa kwa uzito wa jiwe la kawaida, kumbe uzito unaokuja ni mara mbili au zaidi. Mchaguzi, yaani mfanyakazi wa kutenga mawe yenye urani na yasiyofaa, aliposimama mbele ya lundo hakuwa na kipimo chochote isipokuwa mshtuko huo na rangi. Alichukua jiwe, akalipima kiganjani, akalitupa upande huu au ule. Zoezi hilo lilirudiwa siku nzima, na vumbi likapanda usoni.

Wamarekani walipopima mbale iliyokuwa Staten Island walikuta takriban asilimia 65 yake ni oksidi ya urani, wakati mbale ya Colorado, ambayo wao waliizoea, haikufikia hata asilimia 1. Nichols baadaye alieleza kwamba mgodi ule ulikuwa ajabu ya maumbile ambayo haijapata kuonekana tena. Ni kweli kwamba mwamba ulikuwa wa ajabu. Lakini Nichols huyo huyo alieleza pia kwamba juu ya ardhi, kule Shinkolobwe, zilibaki tani 1,000 za mbale ya asilimia 65, na kando yake tani 2,000 za mawe yaliyohesabiwa kuwa taka, ambayo yalikuwa na asilimia 20. Mtu wa uchenjuaji akisoma takwimu hizo mbili pamoja anaelewa mara moja. Mwamba hauji kutoka shimoni ukiwa umejitenga wenyewe katika marundo mawili. Asilimia 65 ilikuwa kiwango kilichofikiwa na watu waliochagua, na lile lundo la taka lilikuwa kumbukumbu ya mawe waliyoyakataa. Hatua ya kwanza ya uchenjuaji wa urani ya vita ilifanywa kwa mikono ya Waafrika huko Katanga, kabla ya vita kuanza, na vitabu vingi vimeiandika kwa jina la maumbile.

Mwezi Mei 1939 Sengier alionywa. Huko London, Sir Henry Tizard, mshauri wa kisayansi wa serikali ya Uingereza, alimweleza kwamba bidhaa yake ingeweza kuwa maafa ikiangukia mikononi mwa adui, na katika siku hizo hizo mwanafizikia Frédéric Joliot-Curie na wenzake wa Ufaransa walimweleza walichotarajia kukifanya kwa urani. Fizikia ya kupasuka kwa kiini cha atomu ilikuwa na umri wa miezi michache tu. Sengier hakuwa mwanafizikia, lakini alikuwa na kitu ambacho wanafizikia hawakuwa nacho, nacho ni picha kamili ya mahali kila tani ilipo: kiasi gani kimelala Olen, kiasi gani kiko juu ya ardhi Katanga, reli ipi inafika bandari ipi. Ujuzi wa aina hiyo hauonekani kuwa wa kishujaa, ila bila huo hakuna kinachosogea.

Alihamia New York kabla Ubelgiji haijavamiwa, ili kampuni iendelee kuongozwa hata Brussels ikianguka. Ujerumani iliingia Ubelgiji tarehe 10 Mei 1940, na baadaye mwaka huo Sengier aliagiza mbale iliyokwisha kuchaguliwa ipelekwe bandari ya Lobito, nchini Angola, na kupakiwa melini kwenda New York. Shehena zilifika mwishoni mwa 1940. Hakuna serikali iliyomtuma.

Hapa ndipo hukumu yangu inapogawanyika. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na ulifanywa na mtu aliyetumia ujuzi wake wote bila kungoja amri. Lakini onyo alilipata mwaka mmoja kamili kabla ya uvamizi, na zaidi ya tani 1,000 za mbale na bidhaa zake zilizokuwa Ubelgiji hazikuondolewa, Wajerumani wakazichukua na kuzitumia katika utafiti wao. Mwezi Aprili 1945 kikosi maalumu cha Washirika kilizikuta takriban tani 1,100 huko Stassfurt, nchini Ujerumani. Kwa hiyo lile jiwe moja la Katanga lilizilisha maabara za pande zote mbili za vita, na anayemsifu Sengier kwa mapipa ya Staten Island hana budi kuyaweka ya Olen katika mizani ile ile.

Miaka miwili ya mapipa kukaa ghalani inafundisha jambo kuhusu nafasi ya mhandisi mbele ya serikali. Katika miezi ya mwanzo ya 1942 maofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani walimtembelea Sengier kuuliza habari za kobalti, ambayo ilihitajika kwa aloi ngumu za viwandani. Yeye aliwaeleza zaidi ya mara moja kwamba alikuwa na kitu chenye thamani kubwa kuliko kobalti. Hawakuelewa, kwa sababu siri ya mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki ilikuwa imefungwa hata kwao. Mwenye mali alikuwa anaitangaza mali yake, mhitaji alikuwa anaitafuta katika mji ule ule, na ukuta wa siri ukasimama katikati. Nichols alifika Broadway siku moja tu baada ya ofisa wa jeshi Leslie Groves kuarifiwa kwamba atauongoza mradi huo.

Baada ya makubaliano, kazi ilihamia kwa watu wa metali, na hatua hii huwa inarukwa na wasimuliaji wanaopenda kuharakisha mpaka maabara za fizikia. Mbale ilisafishwa kwa awamu ya kwanza katika kiwanda cha Port Hope, nchini Kanada, ikawa oksidi nyeusi. Kampuni ya Mallinckrodt ya St. Louis iliiyeyusha oksidi hiyo kwa asidi ya nitriki na kuitenganisha na uchafu kwa kutumia etha, kimiminika kinachoshika moto kwa urahisi mno, kwa sababu hata chembe kidogo za boroni au kadmiamu zingenyonya nyutroni, chembe zinazopasua kiini cha atomu, na kuufanya mradi wote usiwezekane. Kisha katika chuo cha Ames, jimboni Iowa, Frank Spedding na Harley Wilhelm walipata njia ya kuigeuza floridi ya urani kuwa metali: waliichanganya na magnesiamu, wakaifungia ndani ya chombo cha chuma kilichokandikwa chokaa, wakakipasha moto mpaka mchanganyiko ulipolipuka kwa joto lake wenyewe. Metali nzito ilishuka chini, na yale masalio mepesi, ambayo wahunzi wetu wangeyaita mavi ya chuma, yakaelea juu. Nchi ambayo mwanzoni mwa vita ilikuwa na metali ya urani ya kuhesabiwa kwa gramu ilifikia kuitengeneza kwa tani. Ninaieleza hatua hii kwa urefu kwa kuwa mwanafunzi wa uhandisi anayedhani bomu lilikuwa kazi ya mlinganyo ubaoni hajaiona bado kazi iliyokuwa katikati.

Mahitaji yalipokua, macho yalirudi Shinkolobwe, ambako mashimo yalikuwa bado yamejaa maji. Mwaka 1943 mwanajiolojia wa jeshi, Phillip Merritt, alitumwa kuikagua hazina iliyopo. Sengier hakukubali kuufungua mgodi bila mkataba unaomhakikishia mnunuzi, na mazungumzo hayo yaliwahusisha pia Waingereza, ambao kupitia kampuni ya Tanganyika Concessions walikuwa na takriban asilimia 30 ya hisa za Union Minière. (Wasomaji wa Tanzania wasidanganywe na jina: kampuni hiyo iliitwa kwa ziwa, na utajiri wake ulitoka Katanga.) Jeshi la Marekani lilituma wahandisi na mitambo, pampu zikanguruma tena, na mkataba wa Septemba 1944 uliweka kiasi cha paundi 3,440,000 za oksidi ya urani, yaani takriban tani 1,560. Mbale ilisafirishwa kwa treni hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ikashushwa kwa mashua za mizigo katika mto Kasai mpaka Léopoldville, kisha kwa treni tena hadi bandari ya Matadi. Katika safari zote za vita shehena mbili tu zilizama. Theluthi mbili hivi ya urani iliyotumiwa na mradi wa Marekani ilitoka katika shimo hili moja.

Sasa nirudi kwa mchaguzi, ambaye nilimwacha mbele ya lundo lake.

Hatari ya kazi yake haikuwa fumbo kwa wahandisi wa migodi wa zama zile. Mwaka 1879, mwaka ambao Sengier mwenyewe alizaliwa, madaktari wawili wa Saxony, nchini Ujerumani, Härting na Hesse, waliandika kwamba ugonjwa uliowamaliza wachimbaji wa Schneeberg ulikuwa uvimbe mbaya wa mapafu. Migodi ya Jáchymov, katika Chekia ya leo, iliyoipatia Ulaya radiamu yake ya kwanza, ilikuwa na sifa hiyo hiyo. Miaka ya 1920 wanawake waliopaka rangi ya radiamu kwenye saa huko Marekani waliugua mifupa ya taya na kufa, na kesi yao ilienea magazetini dunia nzima. Mwezi Mei 1941, Marekani ilitangaza rasmi kipimo cha juu cha radiamu ambacho mwili wa mfanyakazi unaweza kubeba. Union Minière iliuza radiamu kwa hospitali kwa karibu miaka 20, na haiwezekani muuzaji wa dawa asiwe amesikia habari za sumu yake.

Hata lugha ya kumwonya mfanyakazi ilikuwepo. Kiswahili kilikuwa ndicho kiungo cha kazi katika migodi na kambi za Katanga, kikiwaunganisha watu waliotoka sehemu mbalimbali za Kongo na nje yake, na kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi, alitoa amri zake kwa lugha hiyo kila asubuhi. Usivute vumbi hili, nawa kabla ya kula, usilale na nguo za kazini: onyo zima lingetoshea ubao mmoja mlangoni. Katika kumbukumbu ambazo kisa hiki hutegemea, hatua za kuilinda siri zimeelezwa kwa kirefu, tangu njia za meli hadi majina ya bandia na kuondolewa kwa jina la Shinkolobwe kwenye ramani. Mapafu ya mchaguzi hayakupewa kurasa za namna hiyo. Hili ndilo jibu la swali langu la mwanzo, na linaniuma kulisema juu ya kazi ninayoipenda: ujuzi wa jiwe ulipanda kwa haraka hadi kwa majenerali, lakini haukushuka hatua chache kumfikia aliyelishika.

Wala isidhaniwe kwamba watu wa Katanga walikuwa wamenyamaza. Vita ilipandisha bei za nguo na vyakula wakati mishahara imesimama, na Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, wakianzia Jadotville na kuenea hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Tarehe 9 Desemba wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira huko Elisabethville walipigwa risasi na askari. Makumi waliuawa, akiwemo Léonard Mpoyi, aliyekuwa akizungumza kwa niaba ya wenzake. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni iliongeza siku za kazi za lazima kwa wanavijiji kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Wakati mapipa yakingoja mnunuzi Staten Island, hii ndiyo hali ya nchi iliyoyajaza. Mhandisi aliyekuwa Katanga mwaka 1941 hakuweza kusema kwamba yeye anashughulika na mwamba tu, maana uwanja ule wa mpira ulikuwa ndani ya mji wa kampuni.

Najua hoja inayotolewa kwa kawaida, kwamba vita ilikuwa ya kufa na kupona na haikuacha nafasi ya mambo madogo. Hoja hiyo ina uzito katika kuamua kama mbale itoke au isitoke, na mimi nisingetaka itoke kwenda Berlin. Haina uzito wowote katika suala la barakoa, maji ya kunawa na kumbukumbu ya afya ya mfanyakazi, kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kingechelewesha treni ya Port-Francqui.

Mkataba wenyewe unaonyesha kwamba waliokaa mezani walijua vizuri kilichomo ndani ya jiwe. Marekani ilinunua urani peke yake, na upande wa Wabelgiji ulibaki na haki juu ya radiamu iliyomo katika mabaki ya uchenjuaji. Kwa hiyo mabaki hayakuweza kutupwa, yalilazimika kuhifadhiwa kwa ajili ya mwenyewe. Yaliitwa K-65. Sehemu yake iliwekwa karibu na Lewiston, jimboni New York, na sehemu nyingine katika maghala ya duara ya zege huko Fernald, Ohio. Thamani ya radiamu ilianguka na mwenye mali hakuyarudia. Wakazi wa Fernald walipogundua walikuwa wakiishi kando ya nini walishtaki, na serikali ikatumia miaka na fedha nyingi kuyatoa mabaki hayo, kuyachanganya na saruji na kuyapeleka Texas. Hata mahali lilipokuwa ghala la Staten Island, wapimaji walirudi miongo kadhaa baadaye na kukuta mionzi ardhini.

Huko Shinkolobwe shimo kuu lilizibwa kwa zege wakati wa uhuru wa mwaka 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1990 maelfu ya wachimbaji wadogo walihamia hapo, wakichimba pembeni mwa zege kwa sururu na koleo, bila glavu, wakitafuta kobalti, ile ile ambayo maofisa wa 1942 walimfuata Sengier kuiulizia. Mwezi Januari 2004 rais wa Kongo alitoa amri mahali hapo pafungwe, lakini uchimbaji haukukoma. Mwezi Julai mwaka huo huo ukuta wa shimo uliporomoka na kuua watu 8, na ndipo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipofika wakiwa na vipimo vya mionzi.